Jibu: Paneli juu ya maegesho, umeme umeshuka nusu

Jambo ndugu. Unasema una paneli 6 za sola, kila moja ya seli 60 (vile vipande vinavyogeuza jua kuwa umeme), zimeungwa mfululizo na kulazwa bapa juu ya maegesho kando ya barabara hapa Goma, na umeme umebaki nusu. Usikimbilie kununua regilateri mpya, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli.

Anza na vumbi. Hili letu la mawe ya volkano ni kali, ukilipangusa kavu unakwaruza kioo. Mwagia maji mengi asubuhi kabla jua halijawaka, ndipo usugue kwa sponji laini. Tazama hasa ukingo ambako maji hutuama: tope likiganda pale linafunika safu nzima ya seli, na seli hizo chache zinabana mkondo.

Bado? Zima swichi ya paneli kabla ya kuchomoa konekta, maana mfululizo wa 6 unapita volti 200 na cheche yake haikatiki upesi. Pima volti za paneli moja moja juani, bila mzigo, yaani isiwe imeunganishwa na kitu. Nzima hutoa karibu volti 37. Ukiona kama 25, diodi moja (kipande kinachopitisha mkondo upande mmoja tu) kwenye kisanduku cha nyuma imeungua.

Mwisho ziinue upande mmoja kwa nyuzi 10, mvua izioshe. Huku karibu na ikweta uelekeo si hoja. Hoja ni boliti, kwa sababu upepo wa ziwani utaingia kwa chini.