Usiishie cha 11, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu toka Busia, mama yako mzima, na mihogo ile ya nyuma ya nyumba tumeshaanza kung'oa. Meseji yako nimeisoma mara tatu. Unasema umemaliza kitabu cha 11 cha Wheel of Time, ile hadithi ndefu ya kubuni, vile vitabu vyangu ulivyobeba kwenda navyo Kampala, alafu ukakuta jalada la cha 12 lina majina mawili, ndo ukajua mwandishi wake Robert Jordan alishafariki, na sasa unauliza uendelee ama uishie pale mwenyewe alipoishia.

Mimi niliishia pale. Cha kwanza kilitoka 1990, mimi nikaja kukipata baadaye sana kwa wale wauza vitabu vya mitumba karibu na old taksi paki, basi nikawa natafuta kimoja kimoja, kila nikishuka Kampala ni hicho tu. Cha 11 kilitoka 2005. Mwaka uliofuata akatangaza ana amiloidosisi ya moyo, yaani protini mbovu zinajazana kwenye moyo mpaka unakuwa mgumu, haupigi sawasawa. Tarehe 16 Septemba 2007 akafa, miaka 58, amebakiza kitabu kimoja tu. Iliniuma kama msiba wa nyumbani. Nikasikia kijana anaitwa Brandon Sanderson amepewa amalizie, nikasema huo ni wizi, kazi ya marehemu haiguswi, vitabu vyote nikavifunga kwenye katoni.

Alafu jajja yako, babu yako, akafa. Nyumba yake ulikuwa unacheza ndani yake, imefika linta, haina mabati. Watu wa ukoo wakasema iachwe hivohivo. Jajja yako mwanamke akanishika mkono akanizungusha mle ndani, hapa alitaka mlango, hapa dirisha liangalie mwembe, hapa alisema watalala wajukuu. Nikapaua. Kona ya nyuma tofali zangu na zake hazikukaa sawa, mpaka leo unaiona, lakini ile nyumba ni ya nani? Ni yake.

Ndo nikaanza kumfikiria yule mjane wa Jordan, Harriet McDougal. Yeye si mke tu, ndiye alikuwa mhariri wa vitabu vyenyewe toka cha kwanza! Sanderson hakujipeleka, alikuwa ameandika maneno ya kumwomboleza Jordan tu, mama huyo akayasoma, akamtafuta, na kijana mwenyewe alikulia kwenye hivyo vitabu. Na Jordan hakuondoka kimya, alipokuwa anaumwa alikuwa anaandika vipande, anaeleza hadithi wanamrekodi, ameacha noti nyingi sana. Nyingi mpaka kile kitabu kimoja kikazaa vitatu, 2009, 2010 na Januari 2013. Sa mimi nani wa kumkatalia mjane, mtu aliyesikia kwa mdomo wa mumewe mwenyewe?

Nikaenda nikatoa katoni, nikanunua vile vitatu.

Sikudanganyi, utaona mahali mkono umebadilika. Mat, yule mhusika mwenye utani, ndo utamshtukia wa kwanza, kwenye cha 12 utani wake si ule, kama mtu amevaa koti la kaka yake, na Sanderson mwenyewe alikubali huyo hakumpata vizuri mwanzoni. Sentensi pia zinaenda mbio kidogo, Jordan alikuwa anakaa na gauni moja paragrafu nzima. Mimi nilizimisi hata zile gauni. Lakini Rand, mhusika mkuu, kwenye hicho hicho cha 12, mwanangu, usiku ule sikulala.

Na kuna kitu ningekijua mapema nisingefunga ile katoni. Sehemu ya kufungia hadithi, zile kurasa za mwisho kabisa za cha 14, kwa sehemu kubwa ni za Jordan mwenyewe, aliziandika kabla hajafa. Ukiishia cha 11 unamwacha amesimama huko mbele anakungoja.

Cha 14 hukukibeba, kiko kwa kabati chini ya Biblia ya mama yako. Nitampa dereva wa basi la Ijumaa, wewe enda ukichukue jioni, na usimpe mtu kabla hujanipigia simu.

Baba yako