Kulinganisha Aina za Kondoo Nyanda Kame: Hesabu Ianzie kwa Majike

Anayeanza kazi hii hukimbilia mizani. Anapima wanakondoo siku ya kuachishwa kunyonya, anaona wa Dorper (aina kubwa ya nyama kutoka Afrika Kusini) wamewazidi wa Red Maasai (aina ya kienyeji ya Afrika Mashariki), anafunga daftari. Amewapima waliobaki hai tu. Mimba zilizoharibika, majike walioshindwa kushika na watoto waliokufa wiki ya kwanza hawapandi mizani.

Gawanya jumla ya kilo zilizoachishwa kwa majike wote waliowekwa na dume, wala si kwa waliozaa. Tuchukue mfano wa majike 40 kila upande. Aina ya kwanza imeachisha wanakondoo 24 wa kilo 20: jumla kilo 480, yaani kilo 12 kwa jike. Aina ya pili imeachisha 36 wa kilo 15: kilo 540, yaani 13.5 kwa jike. Wadogo wameshinda. Sasa weka na uzito wa mama. Kama majike wa kwanza wana kilo 55 na wa pili 35, kila kilo 100 za mama zimetoa takriban kilo 22 upande mmoja na 39 upande mwingine. Malisho yakiwa haba, hesabu hii ya mwisho ndiyo ya kuamini kuliko zote, maana jike mkubwa hula zaidi mwaka mzima, hata asipozaa.

Madume ndiyo sehemu inayoharibu majaribio mengi. Ukitumia dume mmoja kwa kila aina, hutajua umepima aina au umempima yeye. Tafuta kadhaa wasio ndugu, kila mmoja apewe majike 25 hadi 30, akae nao siku 51 ili kila jike apate mizunguko mitatu ya joto, yaani ya kumtaka dume, ya siku 17. Mbegu za dume huchukua karibu wiki 7 kutengenezwa. Kwa hiyo dume aliyepigwa na jua kali au homa anaweza kupanda vizuri tu bila kutia mimba, na lawama ikaangukia aina yake.

Pima mtoto ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Andika jinsia, kama ni pacha, na umri wa mama. Dume wa pekee usimlinganishe na jike pacha. Kwa kuwa hawazaliwi siku moja, rekebisha uzito ufikie siku 90: toa uzito wa kuzaliwa, gawanya kwa umri, zidisha kwa 90, kisha rudisha uzito wa kuzaliwa. Aliyezaliwa na kilo 3.2 akafika 17 siku ya 97 anahesabiwa kilo 16. Pima asubuhi kabla ya kunywa maji: kondoo mwenye kiu hunywa lita kadhaa kwa mkupuo, na mizani huzisoma kama nyama.

Suala la minyoo liamuliwe mapema. Red Maasai anajulikana kwa kustahimili minyoo wanaonyonya damu tumboni. Ukiwanywesha wote dawa kila mara, umeifuta faida hiyo kabla ya kuipima. Mwaka mkavu minyoo ni wachache na Dorper hung'ara. Mvua ikinyesha sana mpangilio unaweza kugeuka. Jaribio la msimu mmoja, basi, limepima msimu.