Je, nimtembelee gerezani mtu ambaye hakufungwa kwa ajili ya imani?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mwenzangu wa jumuiya yuko mahabusu, hii ni wiki ya pili, anatuhumiwa kula fedha za kikoba. Mtoto wake bado ananyonya, nipo naye mimi. Viongozi wa jumuiya wanasema tusiende: Wakristo wa kwanza waliwatembelea waliofungwa kwa ajili ya Kristo, si wezi, na tukienda tutaonekana tulikula naye. Tena askari mmoja ananidai "ya soda" ndipo nimwone. Nimesoma kwamba hata mashemasi wa zamani waliwapa walinzi fedha. Nifanyeje?

JIBU: Milele amina, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonikaa rohoni ni huyo mtoto.

Shahidi Perpetua, unayemsikia akitajwa pamoja na Felisita katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, alifungwa Karthago, Afrika Kaskazini, akinyonyesha, umri wake kama miaka 22. Ameandika mwenyewe habari za gereza lile: giza, joto la msongamano, askari wakiwakamua wafungwa, na yeye roho yote iko kwa mwanawe. Mashemasi Tersio na Pomponio wakalipa, wafungwa wakahamishiwa kwa saa chache mahali penye nafuu. Hapo akamnyonyesha mtoto aliyekuwa amelegea kwa njaa. Baadaye aliporuhusiwa kukaa naye, gereza, anasema, likawa kwake kama jumba la kifalme. Aliuawa na wenzake tarehe 7 Machi 203.

Sasa viongozi wako. Ni kweli, maandiko ya kale yanawazungumzia zaidi waliofungwa kwa ajili ya imani. Lakini wanadhani watu wale walikuwa na jina safi? Lyon, Ufaransa ya leo, mwaka 177, Wakristo walisingiziwa kwamba wanakula nyama za watu na kulala na ndugu zao wa damu. Kijana Vettius Epagathus akasimama mbele ya liwali kuwatetea. Akaulizwa kama na yeye ni Mkristo, akakiri, akaunganishwa nao. Kama kanuni ingekuwa "tusiende, tutaonekana wenzao", kijana huyo angebaki nyumbani, na mashemasi wa Karthago pia. Isitoshe, mwenzako hajahukumiwa. (Vitabu vya kikoba mmevikagua, au mmesikia tu?) Na hata akipatikana na hatia, Bwana alisema "nalikuwa kifungoni, mkanijia", shitaka hakulitaja.

Wakijitetea kwa busara, wajifunze kwa Sipriani, askofu wa Karthago. Mwaka 250, akiwa mafichoni, aliwaandikia mapadre na mashemasi wake kwamba watu wasimiminike gerezani kwa makundi, na padre anayekwenda kuadhimisha Ekaristi humo aende na shemasi mmoja, kwa zamu, ili wasiamshe chuki. Alipunguza watu, safari hakuzifuta.

Soda usitoe. Mashemasi wale walikuwa chini ya dola iliyowaona wafungwa wale kama maadui, na hawakununua hukumu wala kumnyima mtu haki yake. Wewe una mkuu wa gereza wa kumwendea, na sheria inamkamata mtoaji sawa na mpokeaji. Ukitoa leo, kesho mama mwenye nauli tu mkononi atarudishwa getini. Mwambie askari, kwa upole, kwamba utamuuliza mkuu wake malipo hayo yana risiti gani. Mara nyingi kiu huisha hapo hapo.

Ulizia siku za kutembelea, na kama mtoto anaruhusiwa kupelekwa kunyonya. Uliza pia unachoruhusiwa kumpelekea: sabuni, kanga, pedi. Omba barua ya utambulisho kwa paroko wako. Kama dhamana iko wazi, anachohitaji ni wadhamini, na hao watafutwe humo humo jumuiyani, hata kwa viongozi wanaokukataza. Felisita alijifungua gerezani, bintiye akalelewa na dada mmoja Mkristo ambaye jina lake hatuambiwi. Kazi yako ni ile ile, mwanangu, usiione ndogo. Jua pia kesi inatajwa lini, na siku hiyo mkae mahali atakapowaona akiingizwa mahakamani.