Ubungo hadi Kimara kwa miguu: chagua upande kabla hujaanza

Jioni ya siku ya kazi pale Ubungo, Dar es Salaam, kusubiri mwendokasi wa Kimara, yaani basi lenye njia yake katikati ya barabara, kunaweza kula saa nzima, na basi likifika limeshajaa tangu mjini. Saa hiyohiyo mtu mwenye miguu ya kawaida anakuwa ameshafika Kimara Mwisho, au amebakiza kidogo. Ni kama kilomita 5, barabara ni moja, na kupotea haiwezekani. Wengi wanaojaribu huacha baada ya siku mbili tatu, wakidhani safari imewashinda kwa urefu. Mara nyingi kilichowashinda ni moshi, jua la usoni na kuvukavuka barabara ovyo, na vyote vitatu vina dawa.

Tuanze na upande. Barabara ya Morogoro kipande hiki inaelekea magharibi. Ukiipa Ubungo mgongo, kushoto kwako ni kusini na kulia ni kaskazini. Magari yanayopanda kwenda Kimara yako kushoto, yanayoshuka kwenda mjini yako kulia. Huu ni mlima, tena malori ya mikoani yanaupanda yakiwa na mzigo: gia ndogo, injini inalia, moshi mweusi unatoka. Yanayoshuka hayakanyagi mafuta sana, hayatoi moshi wa namna hiyo. Siku isiyo na upepo, basi, pita kulia. Upande huo una faida ya pili: gari lililo karibu nawe linakuja mbele ya macho yako, halikujii mgongoni.

Ila Dar ina upepo wake. Miezi ya kusi, tangu Mei hivi hadi Septemba, upepo unatoka kushoto kwako na kuupeleka moshi wote wa malori yanayopanda kwenye njia ya kulia. Miezi hiyo hamia kushoto. Kaskazi ikianza kuvuma, Desemba hadi Machi, rudi kulia. Kama huna hakika, angalia moshi wa jiko la muuza mahindi ya kuchoma unaelekea wapi. Ukielekea barabarani, upande uliosimama ndio wako.

Uamuzi huo ufanye ukiwa bado Ubungo, kwa sababu kuhama upande katikati ya safari ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Unavuka njia za magari ya kawaida, halafu za mwendokasi, halafu za kawaida tena. Vuka kwenye pundamilia za vituoni tu, na ukifika kisiwa cha katikati simama, anza kuangalia upya kushoto na kulia. Kinachogonga watu pale ni basi la pili. Vituoni kuna nafasi ya basi moja kulipita jingine, na mabasi ya ekspresi hayasimami kila kituo. Basi lililosimama kushusha abiria ni refu, linaziba kila kitu nyuma yake. Mtu anaona limesimama, anakatiza mbele yake, na kumbe ubavuni kuna jingine linapita. Subiri lililosimama liondoke kwanza, au uione barabara yote ikiwa wazi ndipo ukanyage. Pia usiangalie upande mmoja tu kwa kuwa njia hiyo ni ya mwelekeo mmoja. Bodaboda wanapenya humo wakitokea kusikotarajiwa.

Anayeanzia upande wa Shekilango ana kazi ya ziada, kupita chini ya Daraja la Kijazi, lile la ngazi tatu lililofunguliwa mwaka 2021. Ukipita kulia unakatiza mdomo wa Barabara ya Sam Nujoma, ukipita kushoto unakatiza wa Mandela. Wa Mandela una malori yanayotoka bandarini na kukunja kushoto kuelekea Kimara. Hapo usisimame ukingoni kabisa mwa njia. Kichwa cha lori kinapita mbali nawe, unajiona uko salama, lakini tela halifuati njia ya kichwa. Linakata kona kwa ndani, na matairi yake ya nyuma yanaweza kupanda juu ya ukingo uliosimama. Rudi nyuma hatua tatu, subiri mkia wote upite.

Baada ya Ubungo hesabu vituo: Kibo, Kona, Baruti, Bucha, Korogwe, kisha Kimara Mwisho. Havikupangwa kwa umbali ulio sawa, ila kwa wastani kila kimoja ni kama dakika 10 hadi 12 za mwendo wa kupanda. Usianze kwa kasi ya mtu anayekimbilia gari. Mwendo mzuri ni ule unaoweza kuongea sentensi nzima bila kutweta. Kushuka asubuhi kutoka Kimara ni saa moja au pungufu, kupanda jioni ongeza robo saa.

Jua ni tatizo la njia hii hasa: asubuhi unaelekea mashariki, jioni magharibi, kwa hiyo linakupiga usoni kwenda na kurudi. Kofia yenye ukingo wa mbele ni ya lazima. Ukianza saa 11 jioni unafika giza halijaingia. Ukichelewa kutoka kazini hadi saa 12 na nusu, afadhali upange foleni ya basi, maana giza la huku linaingia haraka na mifuniko ya mitaro haipo yote. Simu ibaki mfukoni, begi livae upande wa mbali na barabara, kwani wanaopora kwa pikipiki wanahitaji kitu kinachoning'inia karibu nao.

Maji nusu lita yanatosha kipindi cha kusi. Joto la Januari na Februari linataka lita nzima, na unywe kidogokidogo tangu Kibo, usisubiri kiu.

Miguuni vaa raba zenye nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Kwenye kushuka mguu unateleza mbele, na kiatu kinachobana kinaua kucha. Kaza kamba za juu zaidi ya za chini. Soksi zikilowa jasho zinaleta malengelenge, weka jozi ya pili kwenye begi pamoja na viatu vya ofisini. Kandambili hazifai, hasa masika: mvua inashusha udongo mwekundu kutoka mitaa ya juu, unatanda kwenye vitofali vya njia na vinateleza kama sabuni. Anayevaa dera alipandishe kidogo na kulifunga kiunoni kwa kanga, pindo lisikanyagwe wala kunywa tope.

Karibu na Kimara Mwisho jioni, wafanyabiashara wanajaa njia yote. Usishuke barabarani kuwakwepa, hasa ukiwa upande wa kushoto ambako magari yanakujia mgongoni. Pita nyuma ya meza zao, omba njia, watakupisha. Anayeendelea Bonyokwa anatakiwa kuishia kushoto. Kama ulipanda kwa kulia, usikatize hapo kwenye bajaji na msongamano, tumia daraja la juu la waenda kwa miguu.