Maswali ya Wasomaji: Printa ya Nyumbani kwa Mwalimu wa Sekondari

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro. Kila mwezi huchapa kurasa zipatazo 300 za majaribio na mazoezi, karibu zote kwa wino mweusi, na hadi sasa kazi hiyo huipeleka steshenari kwa shilingi 100 kwa ukurasa. Sasa nataka printa yangu. Nilipokwenda Dar es Salaam, muuzaji mmoja wa Kariakoo alinishauri nichukue printa ndogo ya katriji kwa shilingi 190,000, tena akanipunguzia bei bila kusumbuana. Duka la pili lilinielekeza kwenye printa ya tangi la wino, Epson L3250, kwa shilingi 620,000, baada ya kuniuliza maswali hadi nikachoka. Katriji nyeusi ya ile ndogo ni shilingi 45,000 na hutoa kurasa kama 120. Chupa ya wino mweusi ya ile ya tangi ni 35,000. Nimwamini nani? Na je, printa ya leza iliyotumika isingenifaa zaidi?

JIBU: Mwalimu, mwamini yule aliyekuchosha. Muuzaji anayetaja bei kabla ya kujua unachapa kurasa ngapi kwa mwezi, ni za rangi au nyeusi, na kama kuna majuma ya likizo ambayo mashine italala bila kazi, hana msingi wa kukushauri. Anachoweza ni kukuuzia kilichopo dukani. Uchangamfu wake haukuwa na ubaya, ila punguzo alilokupa utalilipa kwenye katriji.

Tuchukue bei zako mwenyewe. Katriji ya shilingi 45,000 ikitoa kurasa 120, wino peke yake ni shilingi 375 kwa ukurasa, zaidi ya mara tatu ya unacholipa steshenari, ambako karatasi imo ndani ya bei. Kurasa zako 300 zitakula katriji mbili na nusu kila mwezi, yaani shilingi 112,500. Kwa L3250, mtengenezaji anakadiria hadi kurasa 4,500 kwa chupa moja nyeusi, hivyo wino wa ukurasa mmoja haufiki shilingi 8. Tofauti ya bei ya mashine hizo mbili, shilingi 430,000, itakuwa imerudi kwa takribani miezi minne. Makadirio ya mtengenezaji hufanywa kwa kurasa zenye maandishi ya kawaida, kwa hiyo ukichapa michoro mingi ya Biolojia au Jiografia tarajia pungufu; vilevile sehemu ya wino wa mara ya kwanza huishia kujaza mirija ya ndani ya mashine.

Hata hivyo, ukiilinganisha printa hiyo na steshenari, picha inabadilika. Tuseme rimu ya karatasi 500 unaipata kwa shilingi 13,000: karatasi ni shilingi 26, na wino ukiongezwa ukurasa unafika 34. Unaokoa shilingi 66 kwa ukurasa, karibu 20,000 kwa mwezi, na kwa mwendo huo shilingi 620,000 zitachukua zaidi ya miaka miwili na nusu kurudi. Asikushawishi mtu, basi, kwamba unanunua printa ili kubana matumizi. Sababu iliyo nzito kwa mwalimu ni nyingine: jaribio linalochapwa dukani linaweza kubaki kwenye kompyuta ya duka, na wanafunzi wako huenda ndio wateja wa duka lilelile. Kuchapa mtihani usiku, nyumbani, bila hofu ya kuvuja, kuna thamani ambayo hesabu hii haiionyeshi.

Kuhusu leza iliyotumika, wazo lako si baya hata kidogo. Leza hutumia tona, ambayo ni unga, kwa hiyo haikauki likizo ya Desemba kama wino wa maji unavyoweza kukauka kwenye matundu ya kichwa cha printa. HP LaserJet P1102, kwa mfano, hutumia tona namba 85A inayokadiriwa kurasa 1,600. Lakini soma kibandiko cha nyuma kabla ya kutoa fedha. Mashine za leza zilizotoka Marekani huwa za volti 110 hadi 127, na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 unaweza kuiunguza siku hiyohiyo. Leza pia huvuta mamia ya wati inapopasha moto sehemu ya kuyeyushia tona kwenye karatasi, hivyo usiiunganishe kwenye UPS (betri ya akiba) ndogo ya kompyuta. Kisha nyingi za zamani hazina rangi wala skana. Kama hayo hayakusumbui na umepata muuzaji anayekubali kuichapisha mbele yako kurasa 20 mfululizo, ichukue.

Ukiamua ya tangi, ningekushauri uulizie kwanza maduka ya Morogoro, hata kama bei itazidi kidogo. Huduma ya muuzaji huonekana zaidi baada ya mauzo, mistari inapoanza kukatika kwenye karatasi, na fundi aliye mtaa wa pili anakufaa kuliko waranti ya duka lililo umbali wa karibu kilomita 190. Ukinunua Dar es Salaam, usikubali mashine yako ijazwe wino palepale ili ijaribiwe, kwa sababu ikilazwa au kuinamishwa kwenye basi wino unaweza kumwagika ndani. Omba uoneshwe kazi kwenye mashine ya maonesho, uchape kwa simu yako mwenyewe kupitia Wi-Fi, kisha mkubaliane kwa maandishi ni siku ngapi unazo za kuirudisha iwapo yako itagoma. Namba ya mashine iandikwe kwenye waranti na ilingane na ya kwenye boksi, na risiti iwe ya EFD (mashine ya risiti za kodi), maana karatasi ya kuandikwa kwa mkono haitakusaidia mkibishana. Muulize pia kama chupa za wino namba 103, zinazotumiwa na L3250, anazo wakati wote. Akisita, jua wino utautafuta mwenyewe.

Nyumbani, chapa walau ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, likizo ikiwemo, na uizime kwa kitufe chake kabla ya kuzima swichi ya ukutani, ili kichwa cha wino kirudi kwenye kifuniko chake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, iwashe tena umeme unaporudi, kisha uizime kwa kitufe.