Maswali Yenu: Projesteroni, Panya na Ubongo Uliojeruhiwa

Ndugu wahariri, darasani tunaambiwa projesteroni, homoni ya uzazi, ilikinga ubongo wa panya waliogongwa kichwani, kisha ikashindwa kwa binadamu. Ina maana panya walitudanganya? — Mwanafunzi wa famasia, Dar es Salaam

Panya walisema kweli, ila waliulizwa swali jepesi. Timu ya Donald Stein huko Marekani iliona kwamba baada ya pigo, ubongo wa panya jike huvimba kidogo kuliko wa dume, na wa jike mwenye mimba ya uongo, ambaye projesteroni yake iko juu, huvimba kidogo zaidi. Wakawadunga madume homoni hiyo, mara nyingi miligramu 16 kwa kila kilo: saa 1 baada ya pigo, saa ya 6, kisha kila siku, na mwishoni dozi ikishushwa polepole kwa sababu kuikata ghafla humletea mnyama wasiwasi na kumrudisha nyuma. Uvimbe ulipungua. Majaribio mawili madogo kwa wagonjwa, la watu 100 Atlanta na la watu 159 Hangzhou, China, yakatia moyo.

Desemba 2014 yakatoka matokeo ya majaribio makubwa. Katika ProTECT III, yenye wagonjwa 882, waliopona vizuri walikuwa asilimia 51.0 kwa projesteroni na 55.5 kwa dripu isiyo na dawa. Katika SYNAPSE, yenye wagonjwa 1,195, ilikuwa 50.4 kwa 50.5. Faida haikuonekana, na katika ProTECT III waliopata dawa waliumwa zaidi na mishipa iliyopitisha dripu.

Sasa mtazame yule panya. Ni dume kijana wa gramu 280, amelazwa kwa nusukaputi kabla hata hajaguswa, fuvu limefunguliwa, pigo limeshuka palepale na kwa kina kilekile kama kwa wenzake, na dawa imeingia saa moja baadaye. Mgonjwa wa ajali hayuko hivyo. Mmoja ana damu iliyoganda chini ya fuvu, mwingine ubongo mzima umevimba, wa tatu alikosa hewa barabarani kwa sababu mbavu zimevunjika. SYNAPSE ilipokea hata waliofikisha saa 8 tangu ajali. Kwa maoni yetu kosa kubwa liko hapo: majeraha ya aina nyingi yalitibiwa kama ugonjwa mmoja, kwa dozi ambayo haikuwa imepimwa vya kutosha kwa wanyama wazee, wa kike, wala waliocheleweshewa dawa.

Daktari, kijana wangu alianguka na bodaboda akaumia kichwa. Dada yake anachoma Depo. Nimesikia ni homoni ileile. Je, inaweza kumsaidia ndugu yake? — Mama, Mombasa

Hapana, mama. Usimchome. Dawa iliyo ndani ya Depo ni medroksiprojesteroni, si projesteroni yenyewe. Inaingia kwenye kipokezi cha projesteroni, yaani sehemu ya seli inayoipokea homoni hiyo, lakini inashika pia kipokezi cha kotisoli, homoni ya msongo. Tena mwili hauibadilishi kuwa alopregnanoloni, kitu kinachotokana na projesteroni na kutuliza seli za ubongo kupitia vipokezi vya GABA, kemikali inayopunguza msisimko wa ubongo. Panya waliojeruhiwa wakapewa medroksiprojesteroni walipungukiwa na uvimbe, lakini hawakujifunza kutafuta njia vizuri zaidi ya wenzao. Uvimbe kushuka si sawa na ubongo kupona.

La pili ni zito zaidi. Ukiambiwa achomwe sindano ya steroidi ili kutoa uvimbe wa kichwa baada ya ajali, uliza kwa nini. Jaribio la CRASH, wagonjwa 10,008, lilionyesha mwaka 2004 kwamba ndani ya wiki mbili walikufa asilimia 21.1 ya waliopewa steroidi, dhidi ya 17.9 ya wasiopewa. (Anayetumia steroidi kwa pumu au ugonjwa mwingine asiziache bila daktari wake.) Kijana akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kawaida, akipata degedege au mboni za macho zikitofautiana ukubwa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku.

Dozi ya panya ya miligramu 16 kwa kilo, kwa mtu wa kilo 60 si ni miligramu 960? — Msomaji, Kigali

Hesabu haiendi hivyo, maana mnyama mdogo huunguza dawa haraka. Kwa njia ya eneo la mwili, zidisha kwa 6 (namba ya panya), gawanya kwa 37 (namba ya mtu mzima): unapata kama miligramu 2.6 kwa kilo, yaani karibu 156 kwa mtu huyo. Hata hiyo ni makadirio ya kuanzia, haisemi lolote kuhusu dawa inakaa mwilini saa ngapi.

Naandaa utafiti wa panya kwa mashine ya pistoni inayogonga ubongo. Nitahakikishaje pigo ni moja kwa wote? — Mwanafunzi wa tiba ya mifugo, Morogoro

Kwanza kibali cha kamati ya maadili na mpango wa dawa ya maumivu. Kichwa kibanwe kwenye fremu, na tundu la fuvu lizidi kidogo ncha ya pistoni: ncha ya milimita 5, tundu la 6. Toboa kwa vipindi vifupi huku ukidondoshea maji ya chumvi baridi, kwani joto la keekee peke yake huunguza ubongo. Utando unaofunika ubongo ukichanika, mtoe mnyama huyo kwenye hesabu. Kanuni hiyo iandike kabla ya kuanza. Sifuri ya kina ipimwe ncha ikigusa utando. Ukiipima kwenye mfupa, milimita 2 zako hazitakuwa 2.

Panya akipoa, ubaridi wenyewe unamkinga, na dawa yako inapata sifa isiyo yake. Mweke kwenye nyuzi 37 hadi azinduke. Dakika za nusukaputi ziwe sawa kwa wote, pamoja na wale wanaofunguliwa fuvu bila kugongwa.

Projesteroni haiyeyuki majini. Ukitumia siklodekstrini, aina ya sukari inayosaidia dawa kuyeyuka majini, kundi lisilo na dawa nalo lipate siklodekstrini tupu. Mwingine apige kura ya makundi na kuandika namba kwenye chupa; wewe unayepima usijue. Majike wapimwe ute wa ukeni kila asubuhi ili ujue wako hatua gani ya mzunguko wa uzazi; mzunguko wao ni siku 4 hadi 5.

Kwenye dimbwi la kuogelea, ambamo kumbukumbu hupimwa kwa panya kutafuta jukwaa lililofichwa chini ya maji, anza na jukwaa linaloonekana. Anayeshindwa hapo ana shida ya macho au miguu, si kumbukumbu. Kwa uvimbe, pima ubongo mara tu utokapo, ukaushe saa 24 kwenye nyuzi 100, upime tena. Ukiachwa mezani dakika chache unapoteza maji unayoyatafuta. Na usianze na panya 6 kwa kundi: kama tofauti unayotarajia ni kipimo kimoja cha mtawanyiko (SD), unahitaji takriban 17 kila upande, na wachache wa akiba kwa ajili ya tando zitakazochanika.