Salamu zisubiri: kuita na kuitwa kwenye mashindano ya redio

Sisi tumelelewa kwamba humwombi mtu hata kiberiti kabla hujamjulia hali. Kwa malezi hayo niliingia kwenye shindano langu la kwanza la redio ya ridhaa, yaani redio ya watu binafsi wanaowasiliana wao kwa wao kwa kupenda tu, nikiwa nyumbani Kigamboni, redio ya wati 100 mezani, waya umefungwa kutoka kona ya paa hadi kwenye mnazi. Nikamwita Mwitaliano mmoja kwenye megahezi 21. Akanijibu. Basi nikamsalimia, nikamtajia jina, nikaanza kumweleza Dar es Salaam iko wapi. Nilipoachia kitufe, wengine walikuwa wameshaanza kumwita. Alichotaka kwangu ni namba mbili tu: 59 na 37.

Hilo lilikuwa CQ World Wide, shindano la dunia nzima la kuwasiliana na vituo vingi kadiri uwezavyo, ambalo kwa sauti hufanyika wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba na kwa Morse ile ya Novemba. 59 ni taarifa ya usikivu, na kwenye shindano karibu kila mtu huitoa hivyo hivyo. 37 ni kanda yetu kati ya zile ambazo dunia imegawanywa kwa ajili ya shindano, sisi na Kenya, Uganda, Malawi na Msumbiji. Ukishazitaja, umemaliza. Mdogo wangu uliyepata leseni juzi, usione vibaya kukatisha salamu. Nyuma yako kuna foleni, na heshima yako kwa watu wale ni ufupi wako.

Ukiita, sikiliza kwanza mpaka mwenye masafa, yaani yule unayemwita, amalize. Taja alama yako ya wito yote, yaani zile herufi na namba za leseni yako, mara moja, kisha nyamaza. Usitaje nusu, maana atalazimika kukuuliza tena. Usitaje ya kwake, anaijua. Kwa kila herufi tumia neno lake la kimataifa, Kilo kwa K, Lima kwa L, Romeo kwa R, usibuni ya kwako. Wengi wetu r na l hutuchanganya ulimi, lakini hata ukisema "Lomeo" msikilizaji atajua ni Romeo. Herufi tupu ingempotea.

Kosa linaloudhi kuliko yote ni hili: mtu ameokota herufi moja tu, anasema "mwenye Kilo, rudia", na wewe huna Kilo popote kwenye alama yako, lakini unaita. Nimelifanya. Nilikuwa nimengoja karibu dakika 20, nikaona naachwa. Yule bwana alinyamaza kidogo, kisha akasema taratibu, "Mwenye Kilo peke yake, tafadhali." Uso ulinipasha moto nikiwa peke yangu chumbani. Kama huna herufi aliyoitaja, kaa kimya.

Sasa, ukiwa na alama inayoanza na 5H, ya Tanzania, siku moja wewe ndiye utakayeitwa. Pointi huzidishwa kwa idadi ya nchi na kanda alizopata mtu, na sisi tunaosikika hewani kutoka Tanzania ni wachache. Shindano linafunguliwa saa 9 usiku wa kuamkia Jumamosi kwa saa zetu. Ukipata masafa yanayoonekana matupu, sikiliza, uliza kama yanatumika, sikiliza, uliza tena. Wewe humsikii mtu, lakini huenda yupo anayejibiwa na kituo kisichofika kwako. Ukishaanza, taja alama yako kila baada ya watu wawili watatu, maana wapo wanaongoja bila kujua wanamngoja nani.

Kundi likikuzidi, kumbuka mnadi wa samaki pale Feri. Sauti zinagongana, yeye ameshika bei moja mpaka imalizike. Nawe shika herufi uliyoisikia. Ukimpa nafasi anayepiga kelele, umewafundisha wote kwamba kelele inalipa, na saa nzima inayofuata utaijutia.

Jumapili moja alasiri kwenye megahezi 28, Ulaya yote ilikuwa imefunguka, inasikika vizuri. Katika vurumai ile nikaokota neno moja jembamba, "Zulu". Nikasema, "Mwenye Zulu." Akaingia mwingine mwenye sauti nzito, hana Zulu hata moja, akataja alama yake mara tatu. Nikarudia, "Mwenye Zulu peke yake." Kimya. Kisha ikaja ile sauti nyembamba, Mreno, amezama nusu kwenye mvumo: 59, 14. Nikampa 59, 37. Akashukuru kwa neno moja, akaondoka.

Yule wa sauti nzito nilimchukua baada yake, na safari hii aliita mara moja tu.